Fundi Aliyeweka Walinzi Ukutani

Naanza na mkono wake wa kulia, kwa sababu ndio ninaoukumbuka bila kubahatisha. Hakuwa akigusa ukuta kwa kiganja kama sisi wengine. Aliugusa kwa mgongo wa mkono, polepole, kutoka chini kwenda juu, vile mama anavyomgusa mtoto shingoni ajue kama ana homa. Akifika usawa wa macho alisimama, akarudia pale pale, halafu akasema neno lake: "Bado." Mengine nitakayoandika huenda nimeyapanga vibaya. Mimi niliishia darasa la saba, huko Tanzania tulikokuwa kabla ya kurudi nchini kwetu, na ninachoandika leo huwa nakitilia shaka kesho.

Tulimwita fundi tu. Mtaa wetu wa Mbugangari, hapa mpakani na Goma, una mafundi wengi, wa pikipiki, wa viatu, wa simu, lakini nyumbani kwetu ukisema "fundi amepita" kila mtu alijua ni yule wa masitiki. Masitiki ni ule uji mzito mweupe unaopakwa juu ya plasta ili ukuta uwe laini kabla ya kupigwa rangi. Kazi yake ilikuwa hiyo. Rangi yenyewe hakupenda kuipaka. Alisema rangi ni kazi ya watu wanaopenda kusifiwa.

Nieleze kwanza kwa nini alikuwa akija kwetu mara kwa mara, la sivyo mtu atadhani nina jumba. Mlima wa upande wa Kongo ulipotema moto, mji wetu ulitetemeka siku nyingi, na nyumba nyingi zilipasuka. Yetu ilibaki imesimama, ila ukuta unaogawa sebule na chumba cha mama yangu ulipata ufa. Ulianzia kwenye fremu ya mlango, ukapanda kwa mshazari hadi karibu na dari, na kitanda cha mama kilikuwa chini yake. Nilimhamisha siku hiyo hiyo. Nikamweka kwenye kile chumba kidogo cha nyuma tunakoweka viazi na marobota ya vitenge ninavyouza sokoni na hapa mlangoni, nikawa nalala naye huko. Mama alivumilia kidogo, halafu akaanza kila asubuhi:

"Nirudishe chumbani kwangu. Kina jua. Sitaki kufa nikinuka viazi."

Kwa hiyo swali langu kwa fundi, tangu siku ya kwanza, lilikuwa moja: ukuta huu utamwangukia mama, au hautamwangukia? Nilimuuliza kwa adabu, nilimuuliza kwa hasira, nilimuuliza nikimmiminia chai. Hakunijibu. Si kwamba alikuwa mtu wa kukaa kimya. Aliongea sana, kwa Kiswahili cha upande wa Goma, lakini swali hilo alilizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi la maji.

Nieleze alivyotayarisha masitiki, kwa sababu humo ndimo alimokuwa yeye mzima. Wengi humwaga maji juu ya unga wa chokaa, wakakoroga, wakapaka. Yeye aliweka maji kwanza kwenye ndoo safi, ndoo aliyokuwa ameikagua kwa kidole kama mama mkwe. Halafu alitia unga kidogo kidogo, akiuchunga kwenye kipande cha chandarua kikuukuu. Ukianza na unga, alisema, unazaa vibonge, na kila kibonge kitachora mstari ukutani wakati wa kuvuta. Akatia kola, ile gundi nyeupe ya mbao. Akakoroga kwa mti, upande mmoja tu. Kisha akafunika ndoo kwa gunia lenye unyevu na kuketi.

"Iko inalala," alisema.

"Italala mpaka lini, fundi? Mchana unaisha."

"We ukilala, mutu anakuuliza?"

Ikishaamka aliikoroga tena, akachota kidogo kwa bapa la chuma, akaligeuza bapa chini juu. Ikidondoka, bado nyepesi. Ikishika bila kuteleza, aliguna, na guno hilo lilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa. Alipaka safu nyembamba kama ganda la yai, akaacha ikauke, akasugua kwa msasa. Mimi nasema msasa, yeye alisema papye. Akapaka tena. Hakukubali ukuta wenye unyevu. Alibandika juu yake kipande cha nailoni kilichotoka kwenye godoro jipya, akakiacha mpaka kesho yake, na kama ndani yake kuna jasho alikusanya vyombo vyake na kuondoka. Hapa kwetu, na mvua hizi na ziwa hili, aliondoka mara nyingi.

Jambo moja lilinitisha kila alipolifanya. Mchana kweupe alifunga madirisha yote, akawasha tochi, akaishikilia kando ya ukuta ili mwanga uteleze juu yake badala ya kuupiga usoni. Ukuta niliokuwa nikiuona umenyooka ukawa ghafla kama milima ya Nyakiriba, matuta na mabonde, na ule ufa wetu ukawa korongo. Yeye alifurahi. "Sasa unaona," alisema. Mimi nilitamani nisingeona. Akizima tochi na kufungua dirisha, ukuta ulirudi kuwa ukuta, lakini mimi sikurudi.

Nisimpambe. Alikuwa mgumu. Akisema Jumatatu alikuja Alhamisi, na hakuomba radhi, aliuliza tu chai iko wapi. Jirani yangu mmoja, dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, alipaka masitiki mwenyewe ili afurahishe mke wake, na ukuta ukavimba malengelenge kama ngozi iliyoungua. Fundi aliitwa, akatazama, akacheka kutoka kwa jirani mpaka barabara kuu, na watu wakatoka kwenye maduka kuuliza kuna nini. Dereva yule mpaka leo hanisalimii vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyemwita. Kuhusu mafundi wenzake alikuwa na ulimi mbaya. "Ule si fundi," alisema juu ya mmoja aliyekuwa na kazi nyingi kuliko yeye, "ule ni mupishi wa uji." Na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo ungemkuta kanisani kwao anaimba besi, amefumba macho, mpole kabisa. Sijui yupi alikuwa wa kweli. Nadhani wote wawili, lakini naweza kukosea.

Alifunga kichwani kitambaa cha kike, cha maua, ili vumbi lisimwingie kwenye nywele. Puani na mdomoni hakufunga kitu. Nilimwambia. Akasema ukifunga mdomo husikii harufu ya chokaa, na bila harufu hujui kama imezeeka. Alikohoa hata siku hizo. Tulizoea.

Sasa walinzi. Siku ya kwanza alipouona ufa wetu nilidhani ataujaza na kuupaka, kwa sababu ndivyo nilivyoona kwa majirani wote. Badala yake alikoroga masitiki kidogo kwenye kopo, ngumu, bila kola.

"Mbona huweki kola?" nilimuuliza.

"Kola inavumilia. Ukuta ikisogea, yenyewe inavutika, inanyamaza. Mi nataka kitu haiwezi kunyamaza."

Akapaka vipande vitatu vyembamba, kila kimoja kikikatiza ufa kama daraja dogo: kimoja chini, kimoja katikati, kimoja juu. Pembeni ya kila kimoja akaandika tarehe kwa penseli. Aliviita walinzi. Nyumba ikitembea hata unene wa unywele, mlinzi anakatika, na hapo unajua ufa bado uko hai na hakuna maana ya kuupamba. Mlinzi akikaa mzima mvua zote na kiangazi chote, basi unaweza kuanza kuzungumza juu ya rangi.

"Usiguse," aliniambia. "Usifute. Usipanguse vumbi. Divine asiguse." Divine ni binti yangu, na wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye kazi, lakini kwake alikuwa mtoto.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikwenda na tochi. Lori zito likipita kuelekea mpakani na vikombe vikagongana kabatini, niliacha mteja akishika kitenge mlangoni nikakimbia kuangalia. Mama alinicheka. "Huyu mtoto wangu anaamkia ukuta kabla hajaniamkia mimi." Lakini usiku ndiye aliyekuwa akiniuliza, sauti ya chini, kama walinzi wapo.

Kuna jambo ambalo lazima niliandike ingawa silipendi. Wakati walinzi wetu wakiwa bado ukutani, nilipeleka mapazia ya kitenge kwenye nyumba moja ya mlimani juu ya ziwa, nyumba ya kupangisha wageni wa wikendi. Nikamkuta fundi ndani. Alikuwa anafunika ufa mrefu kuliko wetu, mchana mmoja tu, masitiki yenye kola, laini, na nyuma yake kijana wa rangi anasubiri na brashi. Hakukuwa na mlinzi hata mmoja.

"Fundi," nilisema, "na walinzi?"

Hakugeuka. Alimaliza kuvuta bapa mpaka pembeni.

"Huyu aliniomba ukuta ya kupendeza. We uliniuliza swali."

Jibu hilo nimeligeuza upande huu na ule kwa muda mrefu. Kwa haki, alihitaji kazi, na kazi siku hizo zilikuwa chache. Kwa haki pia, sijui kama mwenye nyumba alikuwa ameshawaita watu wengine wakaukagua. Sikumuuliza, halikuwa jambo langu. Lakini chini ya ufa ule kulikuwa na kitanda kikubwa chenye shuka nyeupe, na mtu angelala hapo bila kujua kuna nini nyuma ya weupe ule. Siwezi kusema alifanya vizuri. Wala sikuweza kuacha kumwita. Nilirudi nyumbani nikawaza kwamba labda kwangu ndiko anakofanya kazi anayoitaka, na kule anakofanya kazi inayotakiwa. Halafu nikajiuliza kama ninasema hivyo kwa sababu kwangu ndiko kulikokuwa na faida. Sijamaliza kujiuliza.

Walinzi wa kwanza hawakumaliza kazi yao, na kosa, kama ni kosa, lilitokana na usafi. Upande wa kijana aliyemtaka Divine walituma ujumbe kwamba wanakuja kufata irembo, ile siku ambayo watu wachache wa familia ya kijana wanakuja kubisha hodi rasmi kabla ya mambo makubwa. Mdogo wangu Yvonne akaja kutoka Kigali kunisaidia. Nilimwambia asitundike kitu kwenye ukuta ule. Sababu sikumwambia, kwa sababu Yvonne anaongea, na sikutaka wakwe wasikie kwamba binti wanayemtaka anatoka kwenye nyumba inayopasuka. Nilitoka kwenda sokoni kutafuta vikombe. Niliporudi, sebule ilinukia sabuni na Yvonne alikuwa amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, amefurahi.

"Dada, nimekutolea ule uchafu wa ukutani. Nimeukwangua kwa kisu cha jikoni. Hivi wageni wangesema nini?"

Nilikaa kwenye kiti.

"Vilikuwa vizima," nilimuuliza, "au vilikuwa vimekatika?"

"Vitu gani?"

"Hiyo michirizi."

"Sha, nani anaangalia uchafu kama umekatika?"

Sikumgombeza. Alikuwa ameamka kabla ya jogoo, alikuwa amefua mapazia, na ukuta mchafu kwa wageni wa namna ile ni aibu kweli. Mimi mwenyewe ningefika kwake nikakuta michirizi ningeikwangua. Nilimpigia fundi simu. Nilitegemea matusi. Akaja, akagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, akavuta kiti, akamwita Yvonne taratibu kama anamwita binti yake.

"Mama, nikuulize. Kisu iliingia bila taabu, ama ukuta iligoma?"

Yvonne akafikiri kwa uaminifu. "Cha juu kiligoma. Nilikipiga kwa kitako cha kisu."

"Cha katikati?"

"Hivyo hivyo."

"Na ya chini?"

"Cha chini kilidondoka chenyewe nilipokigusa."

Kitu kikidondoka chenyewe, huenda kilikuwa kimekatika siku nyingi na mimi sikuona kwa tochi yangu. Au huenda kilikauka vibaya kwa sababu chini kulikuwa na unyevu. Au Yvonne alikumbuka vibaya kwa sababu ya uso wangu. Nilisubiri fundi achague moja. Alifungua kopo lake, akakoroga, akaweka walinzi wengine watatu juu ya alama za wale wa kwanza, akaandika tarehe.

"Tunaanza," alisema.

Wageni wakaja. Nilikuwa nimetundika kitenge kikubwa kufunika ukuta mzima, kikiwa mbali kidogo na walinzi ili kisiwaguse. Mjomba wa kijana alikisifia, akauliza kama nyuma yake tumeficha ng'ombe tunaoogopa kudaiwa. Watu walicheka. Mimi nilicheka nikitazama chini ya kitenge, mahali pale pa chini.

Divine aliolewa, akahamia kwa mume wake. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena zikaisha. Nilibaki na mama, viazi, na walinzi. Fundi alipita mara mbili tatu, kila mara akikohoa zaidi, kila mara akisema bado. Halafu akaacha kupita. Simu yake ilizimwa. Nilimuuliza muuza rangi akasema mzee ameacha kazi, kifua kimemshinda. Nilipata aibu kwamba wazo langu la kwanza halikuwa kifua chake. Lilikuwa: sasa nani ataniambia.

Nilimwona tena siku moja nikitoka kupeleka mzigo karibu na Grande Barrière, kituo kikubwa cha mpakani. Kwenye barabara ile ya ziwa vijana walikuwa wanaandaa ukuta wa hoteli, na ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kivulini, alikaa mzee amevaa koti la sufu kwenye joto lile. Sikumtambua. Kitambaa cha maua hakikuwepo, na mwili ulikuwa umepungua nusu. Yeye alinitambua.

"Mama Divine," alisema bila salamu. "Zilikatika?"

"Walinzi wako wazima, fundi. Wote watatu. Nimeangalia leo asubuhi."

"We umeangalia. Mi sijaangalia."

Nilimwambia apumzike, nitamletea habari. Alikwisha simama. Nikaita moto mbili, nikamwambia dereva wake aende polepole, mzee ni mgonjwa. Njia nzima nilitazama mgongo wa lile koti mbele yangu nikiogopa atadondoka, na nikiogopa pia kwamba atafika.

Alipoingia sebuleni alikaa kwanza, akasubiri pumzi irudi. Kisha akaniambia nifunge madirisha na nishike tochi, kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka na mwanga ulikuwa unacheza. Nikaishikilia kando ya ukuta. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia mlinzi wa chini, yule niliyekuwa namwogopa kuliko wote. Alimtazama muda mrefu. Lori likapita nje, vikombe vikalia. Akainua kidole nisiseme. Akangoja vikombe vinyamaze, akatazama tena. Akapanda kwa wa katikati, akaniomba kiti ili amwone wa juu, nikamshika kiunoni akiwa juu ya kiti, mwepesi kama mtoto.

"Haikutembea," alisema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. "Wa mugabo we," alisema, yaani ewe mwanamume, "kwa hiyo hautaniangukia."

"Mukecuru," alijibu fundi, yaani bibi kizee, "ile sikusema. Nimesema haikutembea."

"Tofauti yake nini?"

"Moja mi nimeiona kwa macho. Ile ingine hakuna mutu amekwisha kuiona."

Hapo nilikosa subira. Nilimwambia, "Fundi, miaka yote hii nimekuuliza kitu kimoja tu."

Alishuka kwenye kiti, akakaa juu yake, akapangusa vumbi la penseli kwenye kidole.

"Bon," alisema, yaani haya. "Nikuambie. Tangu ule mlima, mi nalala ndani ya kibanda cha mbao. Nilijijengea nyuma ya nyumba. Bibi yangu, mama ya watoto, analala ndani ya matofali, ananicheka kila siku. Mi siwezi. Mbao ikikuangukia, unaamka unatafuta misumari."

Mama alicheka mpaka akalazimika kukaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemweka moyoni kama mtu mmoja katika mji huu ambaye kuta zinamwogopa, na kumbe alikuwa akigusa kila ukuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu hakuuamini hata mmoja.

"Basi tuufunge au tusiufunge?" nilimuuliza.

"Tufunge. Kama munataka. Mi niko naogopa nyumba zote, siwezi kukataza hii peke yake."

Mkono wake haukuweza kushika bapa. Alijaribu, bapa likagonga ukuta kama mtu anayebisha hodi, akanipa mimi. Aliketi akaniongoza. Nilipanua mdomo wa ufa kwa ncha ya bapa, nikapiga brashi kutoa vumbi, nikaulowesha, nikashindilia masitiki ndani, nikaweka ukanda wa chandarua juu, nikavuta. "Polepole. Unapaka mukate?" alisema. Na baadaye: "Tena. Hapo umeacha tumbo." Aliponiruhusu kusimama, jua lilikuwa linaelekea Goma. Tangu mwanzo alikuwa ametaka mlinzi wa chini abaki, na mahali pake pasifunikwe hata siku ya rangi, pawe wazi upana wa kiganja ili tuendelee kumtazama. Mama akasema ukuta utakuwa na kiraka kama suruali. Fundi akasema ndiyo.

Mama hakukubali kungoja ikauke. Alikwenda mwenyewe chumba cha nyuma akaanza kuburuta godoro, na ilinibidi nimsaidie ili asianguke. Kitanda kilirudi mahali pake. Nikasema nitalala naye, upande wa ukuta.

"Upande wa ukuta ni wangu," alisema mama. "Tangu nihamie hapa."

"Mama, lala huku upande wa mlangoni."

"Mimi nimekwisha kuishi. Wewe lala mlangoni."

"Sitalala mlangoni."

"Fundi," mama akaita, maana alikuwa bado sebuleni anamalizia chai, "mwambie huyu."

"Mambo ya kitanda mi si fundi," alijibu kutoka kule.

Fundi alipokwisha kwenda kwake, nilimshinda mama kwa njia ya kitoto. Alipotoka kunawa miguu, nilipanda nikajilaza upande ule, uso ukutani, nikafumba macho. Aliporudi alisimama kitambo. Alijua kwamba sijalala. Alizima taa akajilaza mlangoni, mgongo wake ukigusa wangu. Masitiki mbichi inanuka kama udongo baada ya mvua ya kwanza, na ukuta ulikuwa wa baridi. Nilisikiliza. Nadhani mama naye alisikiliza.

Kulipoanza kupambazuka, kabla hata ya mlio wa moto za kwanza, kitu kiligonga dirisha. Nilikaa kitako. Kilikuwa kidole cha mtu.

"Mama Divine," ilisema sauti ya nje. "Muko?"

"Tuko, fundi."

"Tuko wote," alisema mama kutoka upande wake wa kitanda.

Nilisikia pumzi yake upande wa pili wa dirisha, nzito, ya mtu aliyetembea akipanda.

"Bon," alisema.

Niliinuka nikamfungulie mlango aje auangalie ukuta mchana ukianza. Nilipofika nje alikuwa amekwisha ondoka, nikasikia tu akikohoa kuelekea barabarani.